Mavumbi Mawili, Rundo Moja

Jang'ombe, mjini Unguja, hakuna uwanja wa kushushia mchanga. Lori likifika humwaga pale pale njiani, nusu mbele ya mlango wa mwenye kujenga na nusu mbele ya mlango wa jirani, na kabla radhi hazijaombwa watoto wameshapanda juu ya rundo. Fundi mwashi huja baadaye. Huchota gao moja, hulisugua baina ya viganja, hupukuta, kisha huitazama mikono yake. Ikibaki na wekundu usiotoka kwa kupangusa, hukumu hutolewa hapo hapo: "Huu una udongo huu. Nani kakuletea?"

Kwa mchanga wa shimoni, kipimo hicho cha viganja si cha kubezwa. Punje za mchanga halisi hazishiki ngozi, hudondoka. Kinachobaki kwenye mistari ya kiganja ni kile kilicho laini mno hata jicho halioni punje yake, na mara nyingi huwa ni udongo kweli. Lakini siku hizi rundo lililomwagwa njiani huenda halikutoka shimoni kabisa. Huenda limetoka chini ya mashine ya kusagia mawe: mchanga wa kijivu au mweupe-weupe, punje zake zina ncha kali, na vumbi lake ni jingi. Huo ukiusugua, mikono hutoka myeupe kila mara, uwe mzuri uwe mbaya. Fundi anayeukataa kwa sababu ya vumbi tu anaweza kuwa anakataa mchanga mzuri, na anayeukubali kwa sababu hauna wekundu anaweza kuwa anaingiza maradhi ndani ya nguzo.

Sababu ya kusaga jiwe haihitaji maelezo marefu kwa Mzanzibari. Mchanga wa kujengea Unguja umechimbwa sana Wilaya ya Kaskazini B, kwenye maeneo kama Donge Chechele na Pangatupu, na kila anayepita huko ameona mashimo yaliyobaki mahali palipokuwa mashamba. Serikali imeuweka katika fungu la maliasili zisizorejesheka. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo, na kuuchota ni kuibomoa pwani yenyewe. Dunia nzima iko katika dhiki kama hiyo: mwaka 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba binadamu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Uchina, ambayo hujenga kuliko yeyote, sasa hutegemea zaidi mchanga wa kusaga. Nasi, ukienda mashariki na kusini ya kisiwa chetu, ni jiwe tupu: mabaki ya matumbawe ya kale yaliyoachwa juu ya usawa wa bahari, nchi ya maweni ambayo muhogo wake huoteshwa kwenye vijishimo vya udongo baina ya mawe. Jiwe lipo. Suala ni kile kinachoingia kwenye mashine pamoja na jiwe.

Ukivunja jiwe, vipande huja vya kila ukubwa. Kokoto kubwa, kokoto ndogo, mchanga, halafu vumbi. Wahandisi huchora mstari kwenye kipenyo cha milimita 0.075: kila kinachopita kwenye chekeche la matundu hayo huhesabiwa kuwa vumbi. Kwa muda mrefu hesabu iliishia hapo. Vumbi likizidi kiasi fulani, mchanga ni mchafu, basi. Ndani ya mfuko huo mmoja, hata hivyo, kumejificha vitu viwili visivyo na undugu wowote. Kimoja ni vumbi la jiwe, yaani jiwe lile lile, gumu vile vile, ila limekuwa dogo. Kingine ni udongo wa mfinyanzi, ambao haukuwa jiwe kwenye machimbo. Ulikuwa kwenye nyufa za jiwe, juu ya jiwe, ndani ya matundu yake, na mashine ikausaga na kuupaka kila mahali.

Tofauti yao haimo katika rangi, na hata udogo si ndio mwisho wa habari. Punje ya udongo wa mfinyanzi kwa kawaida haizidi milimita 0.002, lakini vumbi la jiwe nalo linaweza kufikia udogo huo. Tofauti imo katika umbo na tabia. Chini ya darubini kali, udongo huu ni vibapa vyembamba mno vya silika na alumina vilivyolaliana, tabaka juu ya tabaka. Nyuso za vibapa zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo huvuta maji na kila chembe yenye chaji chanya iliyoyeyuka ndani ya maji, na zikishavuta hazitaki kuachia.

Hapa pia udongo hutofautiana. Kuna kaolinaiti, udongo mpole, ambao tabaka zake zimeshikamana kiasi kwamba maji hayapenyi katikati. Gramu moja ina uso wa mita za mraba kama 10 hadi 20. Kuna montimorilonaiti, ambao tabaka zake hufunguka maji yakija, maji huingia baina ya kibapa na kibapa, na udongo mzima huvimba. Ukihesabu nyuso zake za nje na za ndani, gramu moja hufikia mita za mraba 700 hadi 800. Gramu kumi, vijiko viwili vya chai, zingetosha kuufunika uwanja wa mpira wa Amaan karibu wote, goli hadi goli. Sasa fikiria ndoo ya mchanga yenye kilo nzima ya udongo huo, na kila uso unadai maji yake kabla saruji haijapata yake.

Udongo na saruji havigombani kwa kuchukiana. Vinagombea maji. Saruji huganda kwa kula maji, si kwa kuyapoteza. Ndiyo maana fundi mzuri humwagilia zege siku kadhaa badala ya kuliacha jua lilikaushe. Na uimara wake hutegemea kwanza uwiano wa maji na saruji. Hilo alilithibitisha Duff Abrams mwaka 1918 huko Lewis Institute, Chicago, baada ya majaribio mengi ya kuvunja zege kwa mashine, na wanafunzi wa uhandisi husomeshwa kanuni yake mpaka leo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa kwa lita 25 za maji hutoa zege zuri. Mfuko ule ule kwa lita 35 hutoa zege lililopoteza theluthi ya nguvu, au zaidi.

Nani mtaani anapima lita? Kipimo ni macho na beleshi. Fundi anachanganya, anaona zege limekuwa zito, linang'ang'ania beleshi, anamwita kijana: "Tia maji." Ndoo inamwagwa. Zege linalainika, kila mtu anaridhika. Fundi huyo hakufanya uzembe, kafuata alichokiona. Asichokiona ni kwamba ule uzito ulikuwa wa udongo unaokunywa, na kwamba ndoo aliyoiongeza imekwenda kuharibu uwiano. Hasara ya nguvu imetokea pale, kabla zege halijafika kwenye kisanduku cha mbao.

Maji yaliyomezwa hayakai humo milele. Ukuta ukianza kukauka, udongo huyatoa kidogo kidogo na kunywea, na plasta inayoushikilia huvutwa huku na huku. Zile nyufa nyembamba zinazotambaa ukutani wiki chache baada ya kupigwa rangi, ambazo watu huzisingizia jua la kaskazi, mara nyingi chanzo chake ni hapo. Kuna na jambo la tatu, ambalo unaweza kuliona kwa macho yako. Okota kipande cha tofali la saruji lililovunjika lenyewe wakati wa kushushwa. Lile zuri limevunjika likikata katikati ya punje na kokoto zake. Lile baya limevunjika likizizunguka: utaona vishimo visafi ambamo kokoto ilikuwa imekaa, na kokoto yenyewe imetoka nzima, imevaa utando mwembamba. Saruji haikulishika jiwe, ilishika nguo ya udongo iliyovaliwa na jiwe. Kukiwa na madonge kabisa, kila donge ni tundu linalosubiri kutokea.

Vumbi la jiwe halifanyi hata moja kati ya hayo. Likiwa katika kiasi chake, hasa likiwa la jiwe la chokaa kama letu, huleta faida. Hujaza nafasi ndogo baina ya punje, huifanya plasta itelezeke vizuri chini ya mwiko, na nyuso zake huwa mahali pa kuanzia zile fuwele zinazofanya saruji iwe ngumu. Asiyeamini asome mfuko wa saruji. Palipoandikwa CEM II/A-L pana maana kwamba kiwandani wameshachanganya jiwe la chokaa lililosagwa, asilimia 6 hadi 20. CEM II/B-L ni asilimia 21 hadi 35. Vumbi unalolikimbia kwenye mchanga umeshalinunua ndani ya mfuko, na halina ubaya.

Wanaoandika viwango walilijua hili zamani, kwa njia ya kukisia. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM C33 kinaruhusu vumbi asilimia 3 kwenye mchanga wa zege litakalosuguliwa, na asilimia 5 kwa zege jingine. Kisha kinalegeza kamba: kama mchanga ni wa kusaga, na vumbi lake ni la jiwe lisilo na udongo wa mfinyanzi, viwango hupanda hadi asilimia 5 na 7. Nchi nyingine hulegeza zaidi. Lakini neno "lisilo na udongo" lilikuwa rahisi kuliandika na gumu kulipima. Chekeche halioni tofauti. Mizani haioni. Hata ile chupa ya maji ambayo wahandisi wa saiti huitikisa na kusubiri mchanga utuame huonyesha tabaka moja tu laini juu, bila kusema limetokana na nini. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walilipeleka swali lenyewe maabara: walichukua vumbi la ukubwa wa udongo ambalo si udongo, na aina za udongo halisi, wakavitia kimoja kimoja katika zege. Vumbi lisilo udongo halikuleta madhara ya maana. Montimorilonaiti ndiyo iliyotaka maji mengi na kuharibu kazi. Kaolinaiti ilikuwa nafuu zaidi. Ukubwa peke yake, kwa hivyo, haukuwa wa kulaumiwa.

Kilichowapa wataalamu jicho la kutenganisha mavumbi haya ni rangi ya nguo, na safari yake inanipendeza kuliko sehemu nyingine yote ya habari hii. Mwaka 1876 mkemia Heinrich Caro wa kampuni ya BASF, Ujerumani, alitengeneza rangi ya buluu iitwayo methilini buluu, kwa ajili ya kutia rangi vitambaa. Paul Ehrlich akaona kwamba rangi hiyo huvishika viini vya maradhi na kuviacha vitu vingine, na mwaka 1891 yeye na Paul Guttmann wakawapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin. Ikawa dawa ya kwanza ya malaria iliyotengenezwa na mkono wa binadamu bila kutoka kwenye mti. Mpaka leo, mtaalamu wa maabara anapotia dawa ya Giemsa kwenye kioo chenye tone la damu yako kutafuta malaria, rangi hiyo imo ndani yake.

Udongo wa mfinyanzi nao huishika. Chembe ya methilini buluu ina chaji chanya. Uso wa kibapa una chaji hasi. Ukiziweka katika maji pamoja, udongo huzinyakua zote mpaka ushibe. Vumbi la chokaa huziacha ziogelee.

Kipimo chenyewe ni cha kutazama kwa macho, na ni kitamu kukiona. Mchanga uliopimwa hutiwa kwenye chombo cha maji na kukorogwa bila kusimama. Rangi iliyoyeyushwa, gramu 10 kwa lita, hudondoshwa mililita 5 kwa mara. Baada ya kila mara, kijiti cha kioo huchovywa na tone moja huangushwa juu ya karatasi ya kuchujia. Tone hutawanyika: katikati panabaki doa la buluu iliyokoza, kuzunguka doa ni maji matupu yasiyo na rangi, kwa sababu buluu yote imeshikwa na udongo uliokaa katikati. Unaongeza rangi, unadondosha tone jingine. Maji meupe tena. Unaongeza. Kisha, kwenye tone fulani, pete ya maji kuzunguka doa inageuka buluu hafifu. Udongo umeshiba, buluu iliyozidi imekosa pa kukaa na imetoka nje na maji. Mpimaji husubiri ahakikishe pete haipotei, kisha anasoma zimetumika mililita ngapi. Mchanga wa kusaga ulio safi hushiba mapema sana. Wenye udongo wa kuvimba hunywa na kunywa. Ulaya wana kiwango chao cha kipimo hiki, EN 933-9, na Uchina imekiingiza katika viwango vyake vya mchanga wa kusaga: mchanga unaoleta namba ndogo unaruhusiwa kuwa na vumbi jingi, unaoleta namba kubwa unabanwa.

Kwa maghorofa yanayotumia dawa za kulainisha zege, jambo ni zito zaidi. Dawa za kisasa za polikaboksileti zina molekuli zenye mikia mirefu, na mikia hiyo huingia na kukwama baina ya tabaka za montimorilonaiti. Johann Plank na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich walieleza namna inavyotokea katika utafiti wao wa mwaka 2012. Mjenzi ananunua dawa ya bei kali ili apunguze maji, na sehemu yake inakwenda kulainisha udongo badala ya saruji. Kisha analaumiwa muuza dawa.

Turudi kisiwani. Wakulima wetu wameuainisha udongo wa Unguja kwa majina kabla ya maabara yoyote: kichanga, kinongo, kinamo, uwanda, maweni. Kinongo ni ule mwekundu unaokaa juu ya jiwe la chokaa na kuingia katika mapango na nyufa zake. Mvua huliyeyusha jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na kile kisichoyeyuka hubaki. Udongo mwekundu wa namna hii katika nchi za joto aghalabu huwa na kaolinaiti na kutu ya chuma, kwa hiyo si mbaya kupita wote. Lakini ukiwa mwingi unaharibu, na unapaka kila punje. Kinamo ni habari nyingine. Ni ule mzito wa mabonde ya mpunga, unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka ardhi ikikauka. Udongo wenye mwenendo wa kuvimba na kupasuka hivyo una dalili zote za jamaa ya montimorilonaiti. Lori lililotoka kubeba kifusi cha bondeni, likaenda kubeba mchanga bila kuoshwa tumbo, linaweza kuleta dhara kubwa kwa mabeleshi machache tu.

Machimbo ya maweni, kwa hivyo, yana mavumbi mawili ukutani mwake kabla mashine haijawashwa. Ukitazama uso wa jiwe lililokatwa utaona weupe, kisha mfuko mwekundu umeingia kama mkono mzima, kisha weupe tena. Anayetupa vyote pamoja kwenye mdomo wa mashine hawezi tena kuvitenganisha. Dawa rahisi iko kabla ya kusaga: kukwangua udongo wa juu, kuliruka fuko la kinongo, kulipitisha jiwe kwenye nondo za kuchekechea ili mchanga-udongo uanguke na jiwe liendelee, na kutosaga siku ambazo jiwe limevaa matope ya mvua. Rundo liwekwe juu ya sakafu, si juu ya ardhi tupu ambapo kijiko cha mashine hukwangua na kilicho chini. Kuosha baada ya kusaga kunawezekana na hufanyika kwingi, lakini huchukua vumbi jema pamoja na baya, na hutaka maji mengi katika kisiwa ambacho wenyeji wa mjini wanajua maana ya kuamka alfajiri kuvizia bomba.

Lazima niutetee udongo kidogo, kwa sababu Jang'ombe na Ng'ambo yote ilijengwa nao. Nyumba za fito na boriti zilikandikwa kwa udongo uliokandwa kwa miguu, na zilikaa watu wakazaa na kuoza ndani yake. Pale udongo hauna mshindani: unajishikilia wenyewe kwa kukauka, na ukipasuka unakandikwa upya kwa mikono na maji. Kosa lake ni moja, ukilowa unaachia, kwa hiyo makuti yalishushwa chini ili kuta zisiguswe na mvua. Mji Mkongwe nako, waashi walichanganya udongo mwekundu na chokaa na mchanga kwa makusudi katika kuta nene za mawe ya matumbawe. Kalisi ya chokaa huvituliza vibapa, huvifanya vishikamane badala ya kuvimba, na ukuta hupumua. Kosa lilikuwa lile lile, paa likivuja na plasta isipopigwa upya, moyo wa ukuta hulainika. Wala si mambo ya kale tu: kaolinaiti ikichomwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 850 hugeuka kitu kinachoungana na chokaa na kuwa kigumu, na Karen Scrivener na wenzake wa Uswisi, Kuba na India wameitumia, pamoja na jiwe la chokaa, kutengeneza saruji yenye nusu tu ya klinka, yaani kiini cha saruji ya kawaida. Udongo uliochomwa ni rafiki. Ule mbichi ndani ya zege ndio mgomvi.

Asiye na maabara afanyeje? Aanze na chupa ya kioo iliyonyooka. Maji yatiwe chumvi, kijiko cha chai kwa nusu lita. Chumvi ina kazi yake: vibapa vyote vina chaji hasi na hufukuzana, kwa hiyo katika maji matupu hubaki vikielea. Punje ya milimita 0.002 huchukua kama saa nane kushuka sentimita 10 tu, na zilizo ndogo zaidi huchukua siku. Chumvi hukifunika kile kinachozifukuzisha, zikakusanyika na kuanguka. Tia mchanga mpaka katikati ya chupa, tikisa kwa nguvu, iache kwa muda wa saa tatu. Pima kwa rula tabaka laini lililokaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu 8 kwa kila 100 za kimo cha mchanga, usiendelee bila kuuliza.

Kuuliza vumbi gani. Chota lile tabaka la juu, liache lipungue maji mpaka liwe kama unga uliokandwa, kisha lisukume kwa kiganja juu ya kioo liwe uzi mwembamba wa milimita 3. Kipimo hiki kilitoka kwa mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, mwaka 1911, na hakijapata mpinzani kwa urahisi wake. Udongo wa mfinyanzi utakubali kuwa uzi. Vumbi la jiwe litakatika-katika. Kwa mchanga wa matumbawe kuna na njia ya jikoni: kijiko cha vumbi ndani ya gilasi, juu yake siki. Chokaa itatoa povu na kuyeyuka. Mwaga siki iliyochoka, tia nyingine, rudia mpaka povu likome kabisa. Kilichobaki chini ya gilasi si chokaa. Kikiwa cha kunata na chekundu, unajua kimetoka wapi. Njia hii haifai kwa kokoto ngumu za Bara kama za Lugoba, ambazo si jiwe la chokaa na siki haiziwezi.

Hivi ni vipimo vya kukataa tu. Kukubali mchanga kwa nguzo za ghorofa ni kazi ya maabara na mhandisi. Si hofu ya bure. Mwaka 2014 Hannah Ngugi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walipima sampuli 27 za mchanga uliokuwa ukiuzwa Nairobi na pembezoni mwake, wakiwa wamesukumwa na kuanguka kwa majengo. Sampuli nyingi sana zilipita kiwango cha tope na udongo, na iliyokithiri ilikuwa na asilimia 42. Katika aina 13 walizozitengenezea zege, zaidi ya theluthi moja hazikufikia nguvu iliyokusudiwa siku ya 28. Ule ulikuwa mchanga wa kawaida wa sokoni, uliopitia mikononi mwa mafundi wenye viganja vya uzoefu.

Mimi ningependa muuza mchanga wa kusaga aulizwe namba moja zaidi ya bei na ujazo wa lori: mchanga wake hunywa methilini buluu kiasi gani. Mwenye mashine anaweza kupima kila anapohamia uso mpya wa jiwe. Chupa ya rangi na karatasi za kuchujia si gharama ya kumvunja mtu aliyenunua mtambo wa kusagia. Mpaka hapo, anayejenga Jang'ombe na rundo limeshamwagwa, na uzi wa Atterberg umekubali kusukumika, asilitupe wala asigombane na jirani. Likiwa lenye wekundu wa kinongo, lishindiliwe chini ya sakafu kama kifusi, likiwa kavu na kwa tabaka. Likiwa jeusi la kunata, hata huko lisiende, kwa sababu likilowa litanyanyua sakafu. Nguzo, lenta na plasta zisubiri lori jingine.